Sabufa mbili, herufi moja: Pioneer A300S4 au A300D4 kwa ampi ya GM-D8701?

Wakuu, karibuni tena gereji. Mezani hapa nina maboksi mawili ya Pioneer, sabufa za inchi 12. Ukiyaona kwa mbali utasema mapacha. Sogeza macho: hili limeandikwa TS-A300S4, hili TS-A300D4. Tofauti ni S na D, basi. Na hiyo herufi moja ndiyo inayowatia watu hasara, maana dukani utaulizwa unataka inchi ngapi, wati ngapi, boksi la rangi gani. Omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme kwenye sabufa, haulizwi mtu.

Hiyo 1500 kubwa mbele ya boksi isikutoe udenda. Ni nguvu ya kilele, ya kupita kufumba na kufumbua. Tafuta maandishi madogo yanayosema 500. Hiyo ndiyo RMS, mzigo ambao sabufa inaubeba safari nzima bila kuungua. Zote mbili ni 500, kwa hiyo kwenye nguvu hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye koili, ule waya uliosokotwa ndani unaoisukuma sabufa.

S ina koili moja ya omu 4. D ina koili mbili, kila moja omu 4, ndiyo maana ukiigeuza unakuta sehemu nne za kuchomeka waya. Ngoja niipime koili moja... mnaona? Mita inasoma tatu na ushee. Haijaharibika. Mita inapima ukinzani wa ule waya umeme ukiwa umetulia. Muziki ukipita ni habari nyingine. Kwenye hesabu tumia 4 ya kwenye boksi.

Sasa D hii unaweza kuiunga kwa namna mbili. Chukua chanya zote mbili weka pamoja, hasi zote mbili weka pamoja: hiyo ni paraleli, unapata omu 2. Au hasi ya koili ya kwanza iungane na chanya ya koili ya pili, halafu ampi, yaani kikuza sauti, ichukue ncha mbili zilizobaki: hiyo siriizi, omu 8. Sabufa ni ile ile, ila ampi inaona vitu viwili tofauti kabisa.

Na ampi yetu leo ni GM-D8701, ya chaneli moja, daraja la D (hiyo ni aina ya ampi, haihusiani na D ya sabufa). Kwenye omu 4 inatoa wati 300, omu 2 inatoa 500, omu 1 inatoa 800. Omu zikishuka mlango unapanuka, umeme mwingi unapita.

Haya, tuwapange. D4 moja kwa paraleli: omu 2, wati 500 zinatoka, sabufa inataka 500. Kama ufunguo na kitasa chake. D4 hiyo hiyo fundi akikuungia siriizi, omu 8, kwa hesabu unabaki na wati 150 hivi. Utalalamika sabufa feki wakati kosa ni waya mmoja. S4 moja inakupa wati 300: italia, na kwa gari dogo wengi watatosheka, ila umelipia ampi ambayo huitumii yote. S4 mbili paraleli ni omu 2, zinagawana 500, kila moja 250. D4 mbili, koili zote nne paraleli, ni omu 1: wati 800, kila moja 400. Hapo ndipo gari linatikisika.

Kwa hiyo mimi, kwa ampi hii, ukiniambia sabufa moja nakupa D4 bila kufikiri mara mbili. S4 nakupa kama tayari una ampi isiyotaka kushuka chini ya omu 2 na unataka sabufa mbili.

Kwa nini nasisitiza hilo? Niliwahi kufunga D4 mbili kwa omu 1 kwenye ampi ambayo mwisho wake ulikuwa omu 2. Sauti ya chini ilikuwa tamu. Nikipandisha kidogo, besi ikidondoka tu, taa nyekundu, kimya. Inapoa, inarudi, inakata. Wiki nzima nikamlaumu fundi wa betri. Mzee wa watu, kumbe hana kosa.

Na zile ampi zimeandikwa wati 5000 halafu fyuzi ni moja ya ampea 30? Zidisha 30 kwa volti 14, unapata 420. Huo ndio umeme unaoingia, na mwingine unapotea kama joto. Hizo 5000 zitatoka wapi, mbinguni?

Kingine kinachoua sabufa ni kitufe cha geni kwenye ampi, kile cha kuioanisha ampi na redio. Watu wanakifanya cha sauti, wanakizungusha mpaka mwisho. Ampi ikilazimishwa kupita uwezo wake mawimbi yanakatwa vichwa, koili inapata moto, unasikia harufu ya kuungua. Tumia mita. Chukua wati, zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. 500 mara 2 ni 1000, kipeuo chake ni 31.6, hizo ndizo volti unazotafuta. Chomoa sabufa, zima besi busti (kile kikoleza besi), cheza mlio wa majaribio wa hezi 50, sauti ya redio iwe robo tatu, mita kwenye volti za AC, panda taratibu mpaka 31 hivi. Simama hapo. Injini iwe inaunguruma, maana wati za kwenye karatasi zimepimwa kwa volti 14.4.

Waya wa umeme uwe wa shaba, geji 4. Kwangua kwa kisu kabla hujalipa; ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba juu tu. Fyuzi iwe karibu na betri.

Kuna swali najua linakuja: naweza kuchanganya S4 moja na D4 moja? Zote paraleli unapata omu 1.33, ampi hii itavumilia, lakini D4 itakula mara mbili ya mwenzake. Usifanye.

Haya, D4 moja, omu 2. Vaa hedifoni, spika ya simu haitakupa hii besi. Nawasha.