Kutoka D850 hadi X-T5: uzito umepungua, lakini si kwa sababu ya kioo

Wapiga picha wengi wanaohama kutoka DSLR (kamera zenye kioo ndani) kwenda kamera zisizo na kioo ukiwauliza sababu watakuambia uzito. Mimi pia nilihama kwa sababu hiyo. Ila sasa nimeufanyia kazi mfumo mpya kwa muda wa kutosha kusema jambo ambalo wauzaji hawalitaji waziwazi: kioo kikitoka ndani ya kamera, mzigo haupungui kwa kiasi cha maana. Mzigo uko kwenye lenzi. Usipogusa lenzi umebadilisha kamera tu, na bega litaendelea kuuma.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoniamulia. Nilikuwa nabeba Nikon D850, kamera ya mwaka 2017 yenye megapikseli 45.7, ambayo ikiwa na betri na kadi ina gramu 1,005. Mbele yake nilifunga lenzi ya 24-70mm f/2.8E VR (VR ni utulivu wa lenzi dhidi ya mtikisiko wa mkono), gramu 1,070. Ndani ya begi kulikuwa na 70-200mm f/2.8E FL, gramu 1,430. Jumla ni gramu 3,505, yaani kilo tatu na nusu, hapo hujaweka flashi wala betri za akiba. Na begi la kubebea vitu hivyo lazima liwe na sponji nene na mikanda mipana, kwa hiyo lenyewe nalo ni zito.

Kilo tatu na nusu ukiinua mara moja si kitu. Shida huanza saa ya tano ya harusi. Mkono wa kushoto unaobeba lenzi unaanza kutetemeka, unajikuta umeshusha kamera na unapiga kutoka kifuani, na ukiona tabasamu zuri upande wa pili wa ukumbi unapima kwanza kama linastahili kubadilishiwa lenzi. Mara nyingi unaamua halistahili. Picha za saa za mwisho zinafanana zote kwa sababu mpigaji amesimama mahali pamoja. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma zaidi kuliko bega lenyewe.

Wazo linalomjia kila mtu kwanza ni kununua kamera isiyo na kioo ya kampuni ileile, kuweka adapta, na kuendelea na lenzi alizonazo. Linavutia kwa sababu halihitaji fedha nyingi. Lakini lipigie hesabu. Nikon Z6 ya mwaka 2018 ina gramu 675 ikiwa na betri na kadi, na adapta ya FTZ ina 135. Ongeza zile lenzi zangu mbili, unapata gramu 3,310. Nimeokoa gramu 195, uzito wa simu moja. Ukienda mbali zaidi ukanunua na lenzi mpya za mfumo wa Z, 24-70mm f/2.8 S yenye gramu 805 na 70-200mm f/2.8 yenye 1,360 bila kola yake ya stendi, unafika 2,840. Afadhali, lakini bado ni karibu kilo tatu, na hapo umeshalipa lenzi mbili za daraja la juu kabisa.

Sababu ni ya kimaumbile, na inafaa kueleweka kabla mtu hajatoa pesa. Kwenye DSLR kioo hukaa mshazari mbele ya sensa, yaani kile kinachopokea mwanga na kuunda picha, na kurusha picha juu kwenye dirisha la kuchungulia. Ukibonyeza, kinanyanyuka ili mwanga upite. Kinahitaji nafasi ya kunyanyukia, ndiyo maana kwenye mfumo wa zamani wa Nikon umbali kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa ni milimita 46.5, wakati kwenye Z ni 16 tu. Nafasi hiyo ikiondoka kamera inakuwa nyembamba, na wanaounda lenzi pana, zinazoonyesha eneo kubwa, wanapata uhuru wa kuzifanya ndogo na kali zaidi. Lenzi ndefu, ya kuvuta vilivyo mbali, haipati neema hiyo. Gawanya 200 kwa 2.8, unapata kama milimita 71, na huo ndio upana wa njia ya mwanga unaotakiwa, kioo kiwepo kisiwepo. Kwa hiyo anayetaka mzigo upungue kweli ana mambo mawili ya kukubali: upenyo usio mkubwa sana (upenyo ni tundu la lenzi la kupitishia mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), au sensa ndogo. Mimi nimekubali yote mawili.

Nilichonunua ni Fujifilm X-T5, iliyotoka mwaka 2022, yenye sensa ya APS-C, ndogo kuliko ile ya fremu kamili ya D850, ya megapikseli 40.2. Ikiwa na betri na kadi ina gramu 557. Nikaiwekea lenzi tatu ndogo zisizovuta (zisizo na zumu): 23mm f/2 yenye gramu 180, 35mm f/2 yenye 170, na 50mm f/2 yenye 200. Kamera na lenzi zote tatu ni gramu 1,107. Ile 24-70 yangu ya zamani, peke yake, ilikuwa 1,070. Kwa umbali nina 55-200mm f/3.5-4.8 yenye gramu 580, na nikiibeba hiyo nayo jumla inafika 1,687, chini ya nusu ya mzigo wa zamani. Begi limekuwa dogo, la kawaida, la kuning'iniza begani, na siku nyingine halihitajiki kabisa kwa sababu lenzi moja iko kwenye kamera na nyingine iko mfukoni.

Faida kubwa sikuiona kwenye kazi za malipo. Niliiona kwenye siku za kawaida. D850 ilikuwa ikitoka nyumbani kukiwa na sababu. Hii inatoka nami tu. Picha za jamaa zangu nilizokuwa nikizipiga kwa simu sasa nazipiga kwa kamera, zikiwa kwenye faili za RAW (data ghafi ya sensa), na nyingi kati yake ni bora kuliko chochote nilichokuwa nikipanga kwa muda mrefu. Watu nao wanakaa tofauti mbele ya kamera ndogo. Ukimwelekezea mtu 70-200, mdomo wa lenzi peke yake unamfanya ajipange, anyooshe shingo, atoe lile tabasamu la kupigwa picha. Ukiwa na 35mm f/2 anaendelea na mazungumzo yake.

Kitu kilichobadilisha upigaji wangu zaidi ni dirisha la kielektroniki. Nilikuwa na wasiwasi nalo sana, kwa sababu dirisha la D850 ni kubwa, angavu, na unaona dunia yenyewe bila skrini katikati. Bado nalipenda kuliko la kielektroniki kwa kutazama. Kwa kupiga, hapana. Chukua bibi harusi aliyevaa nguo nyeupe, amesimama chini ya mti, nusu ya gauni iko kivulini na nusu imepigwa na jua. Kwa DSLR ningekadiria, nipige, nitazame skrini ya nyuma, nirekebishe, nipige tena, na kufikia hapo ameshageuza uso. Sasa ninaona ndani ya dirisha, kabla sijabonyeza, jinsi upande wa jua unavyopoteza nyuzi za kitambaa. Kidole gumba kinazungusha gurudumu la kupunguza mwanga kulia juu ya kamera, nyuzi zinarudi, nabonyeza. Macho hayajatoka dirishani.

Hayo magurudumu nayo niyaseme. ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ina lake, kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, ina lake, na upenyo unauzungusha kwenye pete ya lenzi yenyewe. Kamera ikiwa imezimwa unaitazama kwa juu na unajua itapiga vipi ukiiwasha. Aliyezoea kubonyeza na kuzungusha kwa kidole kimoja kama kwenye Nikon atahitaji muda, na mikono itamkosesha mwanzoni. Baada ya hapo unajikuta unaweka mipangilio huku unatembea.

Utulivu wa sensa ndani ya kamera ulinishangaza pia. D850 haina, ilitegemea VR ya lenzi. X-T5 inao, kwa kipimo cha kampuni hadi hatua 7, na unafanya kazi hata na lenzi ndogo zisizo na utulivu wake. Ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu naweza kupiga mapambo na meza kwa kasi ya chini sana bila stendi. Tusichanganye mambo lakini: utulivu huu unazuia mtikisiko wa mkono wako, haumzuii anayecheza dansi asitoke na ukungu. Kwa watu wanaotembea bado unahitaji kasi, na kasi inadai upenyo au ISO.

Kuna shata ya kielektroniki, kimya kabisa. Kwenye maombi, hotuba na dua hili ni jambo la heshima kwa waliopo. Klaki ya DSLR katika chumba kilichonyamaza humgeuza kila mtu akuangalie. Hata hivyo ichukulie kwa tahadhari kwenye kamera yoyote ambayo sensa yake inasomwa mstari kwa mstari: chini ya taa za LED picha inaweza kutoka na michirizi ya giza na mwanga, na kitu kinachokwenda mbio kinaweza kupinda. Ukumbini mimi hupiga picha moja ya majaribio, naikuza kwenye skrini, na nikiona mchirizi narudi kwenye shata ya kawaida.

Sasa yale niliyoyaacha nyuma, kwa sababu yapo na yana uzito wake.

Betri kwanza. Kwa kipimo cha viwanda cha CIPA, D850 inatoa picha 1,840 kwa chaji moja. X-T5 inatoa 580. Dirisha la kioo halili umeme, la kielektroniki linakula muda wote jicho likiwa pale. Nilikuwa naenda kazini na betri moja ya akiba ambayo mara nyingi ilirudi haijaguswa, sasa natembea na betri tatu na pawabenki, kwa sababu kamera inachajiwa kwa USB-C. Kwa safari ya mahali pasipo na umeme hili ni la kupangilia mapema.

La pili ni ile mandhari ya nyuma inayoyeyuka. Sensa ya APS-C ina kizidishi cha 1.5, kwa hiyo 50mm f/2 inakupa mwonekano wa 75mm, na kwa kina cha fokasi ni kama unapiga f/3 kwenye sensa ya fremu kamili. Picha za uso bado zinapendeza, lakini anayejua 70-200 ikiwa kwenye 200mm kwa f/2.8 ataiona tofauti papo hapo. Mimi nimejifunza kumsogeza mtu mbali na ukuta na kumsogelea mwenyewe. Wateja wangu hawajalalamika. Mimi mwenyewe kuna siku naikumbuka ile lenzi.

La tatu, mandhari. D850 inaanzia ISO 64, na faili zake zinavumilia kuvutwa vivuli kwa namna ya ajabu. X-T5 inaanzia 125 na faili zake ni nzuri sana, ila ukivuta kivuli cha bondeni huku jua likiwa nyuma ya mlima, fremu kamili inakupa nafasi zaidi. Aliyejikita kwenye mandhari, anayetumia stendi na kutembea polepole, asikimbilie kuuza.

Pia fikiria mkono wako. Kamera ndogo ni raha ikiwa na lenzi ndogo. Ukiifungia lenzi nzito inainama mbele, na vidole vinakamata pembe badala ya kushika mpini. Mwenye viganja vikubwa aishike dukani na lenzi atakayoitumia kweli, si ile iliyofungwa pale ya maonyesho.

Kuhusu kuuza vya zamani, nilitangaza lenzi kabla ya kamera, kwa kuwa lenzi hushikilia thamani vizuri zaidi, na kwenye tangazo la D850 nikaweka wazi idadi ya shata. Shata yake imejaribiwa kiwandani kwa mizunguko 200,000, na mnunuzi makini atauliza namba hiyo hata kabla ya bei. Ukiiweka mwenyewe, na picha ya mdomo wa lenzi chini ya mwanga mkali kuonyesha hakuna kuvu, mazungumzo yanakuwa mafupi. Usiuze kitu chochote kabla hujafanya walau kazi moja nzima kwa mfumo wa kukodi. Saa moja ya dukani haikuonyeshi betri inakwisha lini wala mkono unachoka wapi.

Anayepiga michezo ya ndani, au ndege wakiwa angani asubuhi na mapema, kwake upenyo mkubwa na lenzi ndefu ni chombo cha kazi na mzigo huo hauepukiki. Kamera isiyo na kioo itamsaidia kwa fokasi inayofuata jicho, lakini bega asilitarajie ahueni kubwa. Anayepiga harusi, mitaa, safari, picha za uso na familia, huyo namwambia bila kusita ahame, mradi ahame na lenzi ndogo.

Kwa upande wangu limebaki swali la 50-140mm f/2.8, lenzi inayoikaribia ile 70-200 kwa matumizi. Ina gramu 995. Kuna sherehe za usiku ambazo 55-200 inanibana kwa mwanga, na siku hizo naikodi hiyo, naibeba, kesho yake nairudisha. Sijainunua. Najua ikishakaa kabatini kwangu nitaanza kuibeba kila mahali.