Chuck Willis 1951–1958 kwenye CD mbili: nilichokipata, na pa kukagua kabla hujalipa

Huu ni mkusanyiko wa CD mbili uliotengenezwa Ulaya, wenye nyimbo zaidi ya 50. Karibu kila alichotoa Chuck Willis, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, kimo, tangu santuri ya kwanza ya 1951 hadi alipofariki tarehe 10 Aprili 1958. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu makasha ya namna hii yamejaa sokoni na kasoro zake ni zilezile. Nimeusikiliza kwenye spika, kwenye hedifoni, na kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti. Naupa nyota nne kati ya tano: uteuzi wa nyimbo unastahili tano, sauti inastahili tatu.

Sababu ya kununua huu badala ya ule rasmi ni moja. Rekodi za Willis zina wenyewe wawili. Kuanzia 1951 hadi 1956 alikuwa Columbia, na baada ya santuri ya kwanza wakamhamishia OKeh, tawi lao la R&B (rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi); rekodi hizo leo ni mali ya Sony. Kuanzia 1956 alikuwa Atlantic, na hizo ziko Warner. Kwa hiyo mkusanyiko rasmi kwa kawaida unakupa nusu ya mtu. Ule wa Epic/Legacy wa 1994, Let's Jump Tonight, ni mzuri kwa sauti lakini unaishia 1956, yaani kabla hajapata nyimbo ambazo watu wengi wanamjua nazo.

Ulaya ni habari nyingine. Rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zilikuwa zimeshamaliza miaka 50 ya ulinzi wakati sheria ya miaka 70 ilipoanza kutumika Novemba 2013, na sheria hiyo haikuzirudisha. Yeyote anaweza kuzikusanya pamoja. Marekani haiko hivyo. Kule rekodi za 1957 na 1958 zinalindwa hadi 2067. Ndiyo maana kasha kama hili ni rahisi na limekamilika, na ndiyo maana pia aliyelitengeneza hakuwa na tepu za asili. Alichukua sauti kutoka kwenye santuri, au kwenye CD ya mtu mwingine.

CD ya kwanza ndiyo iliyonifanya nilipe. Willis anakumbukwa kama mfalme wa stroll (aina ya dansi), mtu wa vilemba jukwaani, na vibao viwili: C.C. Rider na What Am I Living For. Lakini vyote viwili si vya kalamu yake. Cha kwanza ni bluzi ya zamani ambayo Ma Rainey aliirekodi 1924. Cha pili kimetungwa na Fred Jay na Art Harris. Mtunzi mwenyewe utamkuta huku OKeh. Anza na My Story, iliyofika namba 2 kwenye chati ya R&B mwaka 1952, kisha Don't Deceive Me ya 1953, kisha You're Still My Baby ya 1954. Ni mtu anayebembeleza bila kupiga kelele. Anachelewa kidogo kuingia, analiacha neno la mwisho lilegee, na bendi inamsubiri. Tungo zenyewe ni fupi, maneno ya kila siku, hakuna tamathali ya kujionyesha. Ndiyo maana waimbaji wengine walizivaa kwa urahisi.

Na walizivaa kweli. Oh What a Dream alimpa Ruth Brown, ikawa namba 1 ya R&B mwaka 1954. The Five Keys walipata Close Your Eyes, na The Cardinals wakapata The Door Is Still Open, zote 1955. Hiyo ya mwisho Dean Martin aliirudisha kwenye chati ya pop mwaka 1964. Kasha hili halina rekodi hizo za wengine, nami naona ni upungufu. Kwa mtu kama huyu, nusu ya kazi iko vinywani mwa watu. Zitafute mwenyewe uzipange katikati ya nyimbo zake za 1954 na 1955. Utaona jinsi OKeh walivyokuwa wakimwachia aandikie washindani.

I Feel So Bad ya 1954 isikilize mara mbili. Elvis Presley alipoirekodi 1961 ikafika namba 5 Marekani, na mpangilio aliufuata wa Willis kwa karibu mno. Ukiweka rekodi hizo mbili mfululizo, tofauti kubwa ni usafi wa studio. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshakamilika miaka saba nyuma.

Onyo dogo kuhusu Goin' to the River ya 1953: kijitabu cha kasha langu kimemwandika Willis kuwa mtunzi. Si yeye. Wimbo ni wa Fats Domino na Dave Bartholomew. Domino aliufikisha namba 2, Willis akaufikisha namba 4. Kijitabu kikikosea hapo, usikiamini kwa majina ya wapigaji pia.

CD ya pili inaanza Atlantic, na mabadiliko unayasikia papo hapo: waitikiaji wamesogezwa mbele, besi ina umbo, sauti yake imewekwa karibu na maikrofoni. It's Too Late ya 1956 ni yake na kwangu ndiyo kilele. Buddy Holly na The Crickets waliirekodi, Otis Redding pia, na Derek and the Dominos mwaka 1970. C.C. Rider ya 1957 ilikuwa namba 1 ya R&B na namba 12 ya pop, na anayeibeba nusu nzima ni Gene Barge kwa saksafoni ya tenor, yenye pumzi nyingi, inayojibu kila mstari. Mwendo wake ulifaa dansi ya stroll, ile ya mistari miwili kutazamana na jozi moja kupita katikati, na jina la ufalme likatokea hapo. Betty and Dupree iliyofuata ni jaribio la kurudia kilekile. Si mbaya, ila naipita haraka.

What Am I Living For ilivuma baada ya yeye kufa kwa maambukizi ya tumbo yaliyohusiana na upasuaji wa vidonda vya tumbo. Ilipanda hadi namba 1 ya R&B na namba 9 ya pop. Upande wa pili wa santuri hiyo, Hang Up My Rock and Roll Shoes, ndio wa kalamu yake, na The Band wameupiga jukwaani miaka mingi baadaye.

Sasa sauti. Nyimbo za OKeh zimetolewa kwenye santuri na kupitishwa kwenye programu ya kufuta mikwaruzo kwa nguvu kupita kiasi. Sikiliza matoazi: badala ya kulia na kufifia, yanatoa mlio wa mchele unaopepetwa kwenye ungo, na unakatika kila sauti ya mwimbaji inapokoma. Kosa la pili ni usawazishaji. Kabla ya RIAA, kanuni ya chama cha kampuni za rekodi Marekani, kuwa kanuni ya wote mwaka 1954, kila kampuni ilikuwa na mkunjo wake wa kurekodi, yaani kiasi chake cha kupunguza besi na kuongeza treble (sauti za juu) kwenye santuri. Ukiichezesha santuri ya 1952 kwa kifaa cha RIAA bila kurekebisha, treble na besi hutoka zimezidi au zimepungua. Kwenye kasha hili nilipunguza desibeli 2 hadi 3 kuanzia 8 kHz kwenda juu, na desibeli 2 hivi kati ya 80 na 200 Hz, kwa nyimbo za 1951 hadi 1953 tu. Za Atlantic usiziguse.

Kama una kitufe cha mono, kibonyeze kwa CD nzima ya kwanza. Rekodi hizo ni za mono, yaani sauti ileile kwenye chaneli zote mbili. Kinachotofautiana kati ya chaneli mbili ni kelele za santuri peke yake. Ukizijumlisha, muziki unapanda kwa desibeli 6 na kelele kwa 3, kwa hiyo unapata nafuu ya desibeli 3 bure, bila programu yoyote kula matoazi.

Kujua kama umeuziwa kitu halisi, fungua wimbo kwenye Audacity. Tenganisha chaneli, moja igeuze kwa amri ya Invert, halafu zichanganye. Ukibaki na ukimya mtupu, ni mono safi. Ukibaki na mikwaruzo tu, ni santuri iliyochezeshwa kwa kichwa cha stereo. Ukibaki na vyombo, sikiliza kila chaneli peke yake: kama moja ina besi tupu na nyingine ina treble tupu, hiyo ni stereo ya kughushi. What Am I Living For ndio wimbo wa kupima nao, maana ilirekodiwa kwa stereo na fundi Tom Dowd wa Atlantic na mara nyingi hutajwa kuwa rekodi ya kwanza ya rock and roll kutolewa hivyo. Kasha langu limeweka ile ya mono. Si dosari, mono ndiyo iliyovuma redioni, lakini aliyeandika "stereo" nyuma ya kasha amekudanganya.

Kipimo cha pili ni picha ya masafa (spectrogram), inayoonyesha sauti imefika masafa gani. Muziki wa santuri za wakati ule ni haba juu ya 10 kHz, lakini mvumo wa santuri unapanda hadi juu kabisa. Ukiona mvumo umekatwa 16 kHz kama kwa rula, kwa kawaida chanzo ni MP3 iliyobanwa, si santuri. Kwangu nyimbo kadhaa za CD ya kwanza ziko hivyo, na hapo ndipo nyota moja ilipopotea.

Ukiwa unanunua mtandaoni, usiombe sampuli ya C.C. Rider, hiyo husikika vizuri karibu kila mahali. Omba My Story, sekunde 20 za mwanzo na 20 za mwisho. Mwisho ukizimika ghafla kabla mlio wa bendi haujaisha, tafuta kasha lingine.