Laptopu ya kukompailia programu Kampala: uliza AVX2 kabla ya bei

Msomaji mmoja wa Wandegeya ameniandikia akiwa na hasira, na mimi zimenipata. Amenunua laptopu iliyotumika, inang'aa kama mpya, ina SSD, ina RAM ya kutosha, na muuzaji amemwapia kwamba "hii ni ya maprograma kabisa." Amefika chumbani, akaweka Linux, kisha MongoDB, programu ya hifadhidata. Ikagoma kuwaka. Terminali ikamtolea maneno haya: Illegal instruction (core dumped), yaani prosesa imepewa amri isiyoijua.

Si virusi, wala Linux haina kosa. Prosesa aliyouziwa ni Celeron N4020 ya Intel, na chipu hiyo haina AVX, yaani seti ya amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. MongoDB kuanzia toleo la 5.0 inaidai AVX. TensorFlow, maktaba ya kufundishia mashine, ile ya kupakua ikiwa tayari, inaidai tangu toleo la 1.6, mwaka 2018.

Kwa hiyo leo sizungumzii ukubwa wa RAM, kioo wala SSD. Hayo hata mpiga debe wa teksi anayajua. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna anayekiuliza dukani: prosesa hii inaelewa amri zipi?

Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo unaoandika kuwa amri za prosesa, haitoi msimbo wa mashine unaofanana kwa kila chipu. Chukua kitanzi kifupi cha C kinachojumlisha safu mbili za namba kamili za biti 32. Kikompaili kwa kompaila ya gcc, yaani gcc -O3 -S, bila kutaja chipu, kisha fungua faili la asembli: utakuta amri ya kujumlisha, paddd, kwenye rejista (visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa) za xmm, zenye biti 128, yaani namba nne kwa mpigo. Sasa ongeza -march=haswell. Amri inageuka vpaddd, rejista ni ymm za biti 256, na namba zinajumlishwa nane kwa mpigo. Hujagusa hata herufi moja ya programu yako. Hiyo ndiyo AVX2, toleo la pili la AVX, na ukiipeleka programu hiyo kwenye chipu isiyoijua, inakufa palepale kwa maneno yaleyale aliyoyaona mwenzetu.

Intel waliileta AVX2 mwaka 2013 na kizazi cha nne cha Core, kile cha Haswell. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Core i3, i5 na i7 za kizazi hicho zilipewa. Pentium na Celeron, prosesa zao za bei ya chini, zikanyimwa, na ziliendelea kunyimwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana i5 ya 2013 inaendesha msimbo ambao Celeron iliyotoka miaka kadhaa baadaye haiwezi. Ukiangalia mwaka wa kutengenezwa peke yake, umekwisha. Na mambo yanazidi kubana: mwaka 2020 ngazi za x86-64, familia ya prosesa za Intel na AMD, zilipangwa rasmi, AVX2 ikawekwa kwenye ngazi ya v3, na Red Hat Enterprise Linux 10 haikubali chochote kilicho chini ya v3.

Kupima ni rahisi. Nenda na flashi yenye Linux, washa laptopu kutoka kwenye flashi, andika grep -m1 -o avx2 /proc/cpuinfo. Ikijibu avx2, endelea kupatana bei. Ikinyamaza, mwambie asante.

Namba moja kwangu ni ThinkPad T480, na sifichi kwamba ThinkPad nazipenda kupita kiasi. Core i5 ya kizazi cha nane ndani yake ina koa (viini vya kazi) nne na nyuzi nane, wakati T470 nyingi zina koa mbili tu, kwa hiyo make -j8, yaani kukompaili kazi nane sambamba, ina maana. AVX2 ipo. Nafasi za RAM ni mbili na hakuna iliyochomelewa, jambo ambalo utalishukuru siku utakapojenga LLVM, mradi mkubwa wa kutengenezea kompaila, maana hatua ya kuunganisha inakula RAM bila huruma (punguza LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS iwe 1 au 2). Na zaidi ya yote ina betri mbili, moja ndani, moja ya kuchomoa. Umeme ukiondoka, na utaondoka, unabadilisha ya nje huku kompaila ikiendelea na kazi yake. Jaribu tundu la USB-C kabla ya kulipa, na ukifika nyumbani sasisha programu-ndani ya Thunderbolt, kwa sababu toleo la zamani lina hitilafu ya kuua tundu hilo.

Namba mbili, ThinkPad T14 ya kwanza ya AMD. Ryzen 7 PRO 4750U ina koa nane, na kwa kasi ya kukompaili inaiacha T480 mbali. Nimeishusha kwa sababu sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi. Pia Zen 2, muundo wa prosesa hiyo, inatekeleza amri za kupanga biti, pdep na pext, polepole mno. AMD walirekebisha kwenye Zen 3. Kama hupangi biti, kwa mfano kwenye programu za kucheza sataranji, hutaona tofauti.

Tatu ni MacBook Air ya M1, ya mwisho wa 2020. Hii ni ARM64, familia ya prosesa tofauti na ya Intel na AMD, dunia nyingine: rejista 31 za kazi za kawaida badala ya 16, kila amri ina baiti nne. Kwa anayesoma uundaji wa kompaila ni darasa zuri. Ila haina feni, hivyo ujenzi mrefu unaipunguza kasi, na RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 zina prosesa zilezile za T480. Sawa tu.

Za bei ya chini: Celeron za N4000 na N4020, hapana. Intel N100 ina AVX2, hiyo chukua.

Sasa wauzaji. Stika inasema Core i7, kizazi hakitajwi, ukiuliza unaambiwa "i7 ni i7, dada." Dola ikipanda bei inapanda siku hiyohiyo, dola ikishuka, eti mzigo huu uliingia zamani. Ukisalimia kwa Kiswahili unadhaniwa Mkenya aliyevuka Busia na hela, bei inaongezwa tena. Duka moja lilinikatalia flashi kwa madai kwamba italeta virusi, na kila mashine pale ilikuwa na Windows ya wizi. Nikavuka barabara. Kijana wa duka la pili aliichomeka flashi mwenyewe, avx2 ikatokea, akatabasamu, na akakataa kushusha hata elfu kumi.