Muncie M20 mahali pa Saginaw: uzoefu wangu na Chevelle ya 1968

Chevelle yangu, gari la Chevrolet, yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 307 ilikuwa na giaboksi ya Saginaw ya gia nne, ambayo haikuundwa kwa ajili ya injini zenye nguvu kubwa. Baada ya injini kuongezewa nguvu, niliagiza giaboksi nyingine ya gia nne, Muncie M20 ya mwaka 1969 iliyokwisha kukarabatiwa, na nimeridhika nayo kabisa: gia zinaingia bila kukwaruza, na hata ninapopanda mlima sisikii mlio wa kutia shaka.

Tangazo la muuzaji ndilo lisiloniridhisha. Lilidai kwamba giaboksi hiyo inaingia katika Chevrolet yoyote ya kati ya 1964 na 1972, dai ambalo linaweza kumtia mnunuzi hasara. Boliti za kufungia kwenye belhauzi (ganda linalounganisha injini na giaboksi na kufunika klachi) zinalingana, lakini shafti ya mbele, ambayo katika Muncie nyingi za mwanzo ilikuwa na meno 10, ilibadilishwa ikawa na meno 26 kufikia 1971, na ya nyuma ikatoka meno 27 ikawa na 32. Yangu ina 10 mbele na 27 nyuma, sawasawa na Saginaw niliyoitoa, ndiyo maana pleti ya klachi ilibaki ileile na propela shafti ikarudi bila kukatwa. Mtu mwenye Muncie ya 1972 atahitaji pleti nyingine pamoja na yoki nyingine (kiungo cha propela kinachoingia kwenye shafti ya nyuma). Omba picha za shafti zote mbili kabla ya kulipa.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye fito za kubadilishia gia. Saginaw ina mikono yote mitatu kwenye kifuniko cha ubavuni, ilhali mkono wa rivasi wa Muncie umekaa kwenye sehemu ya mkia, kwa hiyo fito za zamani hazifai na ni lazima ununue seti iliyotengenezwa kwa Muncie.

Wengi huitamani Muncie ya aina ya M21, au M22 yenye sifa ya kuhimili nguvu nyingi na kelele zake zinazotokana na meno ya gia yasiyolala sana. Kwa gari la barabarani lenye difu yenye uwiano wa 3.08, mimi naona M20 ni bora. Uwiano wa gia yake ya kwanza ni 2.52, na ukiuzidisha kwa ule wa difu unapata takriban 7.8, ilhali M21, yenye 2.20, inakupa takriban 6.8 tu, na tofauti hiyo utailipia kwa klachi kila unapoondoka kwenye taa za barabarani.

Kabla ya kufunga, mwambie fundi apime kwa saa ya kupimia kama tundu la belhauzi limekaa katikati ya mstari wa krankshafti. Hata giaboksi nzuri huharibika bearingi ya mbele ikifungwa upande.