Uzoefu wangu: mtandao upi humletea fundi cherehani kazi?

Ninashona nguo mjini Tanga, na tangu mwaka 2019 nimetumia mitandao kadhaa ya kijamii kutafuta wateja na kujiongezea ufundi. Ninaipima yote kwa swali moja tu, nalo ni kama mtu aliyeniona huko amefika mezani kwangu akiwa na kitambaa mkononi.

Kwa kipimo hicho, WhatsApp Business ndiyo iliyonifaa zaidi. Mwanzoni nilikuwa ninaweka picha za mishono kwenye Status kila asubuhi, lakini watazamaji walikuwa kumi na wawili tu, wengi wao ndugu zangu. Baadaye nikaelewa kwamba picha hizo humfikia mtu ambaye mimi nimehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yangu. Tangu hapo mteja hatoki kibandani kabla hatujahifadhiana namba, na kwa kuwa picha huondoka baada ya saa 24, ninaziweka jioni, watu wanapokuwa wamerudi nyumbani na wameshika simu.

Faida kubwa zaidi nimeiona kwenye sare za harusi. Mwenyekiti wa kamati huniingiza katika kundi lao, nami ninaeleza kwa ujumbe wa sauti namna ya kupima kifua, kiuno, nyonga na urefu, ili mwanakamati aliyeko Dar es Salaam au Muscat anitumie vipimo vyake bila kusafiri. Vipimo vya kujipima havina uhakika, hivyo ninaacha akiba ya inchi moja na nusu ubavuni kila upande, na vyote ninavinakili daftarini siku hiyohiyo, kwa sababu katika kundi la kamati ujumbe hufunikwa upesi na orodha za michango.

YouTube haijaniletea mteja hata mmoja moja kwa moja, lakini ninaithamini sana, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kuweka zipu isiyoonekana. Nilipunguza kasi ya video hadi nusu, nikaitazama mara nyingi nikijaribu kwenye vipande vya bitana, mpaka mkono ukazoea. Fundi aliyenifunza kazi hakuwahi kunionyesha jambo hilo, na leo ndilo linalowafanya mabibi harusi wanirudie.

Facebook ninaitumia katika makundi ya mafundi, hasa ninapotafuta vipuri vya mashine au maelezo ya cherehani inayoruka nyuzi, na X ninaifungua kwa ajili ya habari tu. Upo pia mtandao mmoja wa video fupi ambao sitautaja. Video yangu ya kukata gauni la kitenge ilitazamwa huko na maelfu ya watu, na maoni yalitoka hadi Nairobi na Bujumbura, lakini hakuna aliyeagiza nguo, na bando la wiki nzima liliishia humo. Huenda muuzaji wa vitambaa anayesafirisha mizigo angefaidika. Mimi ninahitaji mtu anayeweza kuja kujaribu nguo.

Instagram ninaichukulia kama albamu yangu. Mtu asiyenijua akiuliza kuhusu kazi zangu, ninampa jina la ukurasa, naye anazipitia picha za miaka yote kwa nafasi yake. Kwa muda mrefu nilipiga picha za mbele tu, nguo ikiwa imevaliwa. Sasa ninapiga na upande wa ndani, bitana na pindo vionekane, kwa sababu ushonaji wa haraka huficha makosa yake huko. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja ambaye hatukuwa tunafahamiana. Kabla hata ya kuuliza bei, alichukua gauni la mfano lililotundikwa mlangoni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, kisha akatoa kitenge chake mfukoni.