Uwanja wa pamoja: sehemu ya jengo mjini Mwanza au nyumba ya kijijini Magu

Anayenunua sehemu ya jengo, kama fleti, Capri Point, mtaa wa Mwanza, hulindwa na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, inayompa hati yake huku ngazi na uwanja vikibaki mali ya wamiliki wote; achunguze kanuni za umoja wao na madeni ya michango.

Nyumba ya kijijini Magu huvutia kwa bei, lakini kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na njia ya mifugo iliyotengwa kwa matumizi ya wote haiwi ya mnunuzi hata akiizungushia ukuta. Mwenza wa muuzaji naye aridhie. Kotekote, ndani ya mita 60 kutoka ziwani sheria ya mazingira ya 2004 huzuia shughuli za kudumu za binadamu. Mimi ningechagua mjini.