Lenzi ya Mkono ya Kukuza Mara 10 kwa Mchunguzi wa Jinsia za Maua

Lenzi hii ya kukuza mara 10, yenye kipenyo cha milimita 18, imeundwa kwa vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja na hukunjwa ndani ya ganda lake la chuma. Nimeitumia kwa kazi moja, yaani kutazama ndani ya maua ili kufuatilia jinsi mimea ilivyotenganisha jinsia zake, na kwa kazi hiyo ninaipendekeza kwa moyo wote, ingawa kuna jambo moja zito isiloweza kulionyesha.

Mimea mingi inayotoa maua huwa na stameni (viungo vya kiume vinavyotoa chavua) na pistili (kiungo cha kike kinachozaa mbegu) katika ua lile lile. Spishi ambazo mmea mmoja ni dume na mwingine ni jike ni takriban asilimia 5 hadi 6, lakini zimetawanyika katika familia nyingi zisizo na undugu wa karibu, na hiyo ni dalili kwamba utengano huo ulizuka upya mara nyingi. Mabaki ya mabadiliko hayo bado yamo ndani ya maua yenyewe, na hapo ndipo lenzi hii inapodhihirisha thamani yake. Chukua ua dume la asparagasi, lenye urefu wa milimita chache tu: stameni sita zilizokomaa zimeizunguka nukta ya kijani ambayo ukiikuza unaitambua kuwa ni ovari, yaani sehemu ya pistili inayobeba mbegu, iliyodumaa. Katika ua jike mambo yamegeuka, kwani ovari imejaa, na kando yake zimesimama stameni kibete zenye vifuko vya chavua vilivyosinyaa. Lenzi za bei ya chini za kioo kimoja huzungushia vitu vidogo namna hii ukingo wa rangi za upinde wa mvua, hata usiweze kutofautisha kifuko kilichosinyaa na kilicho kizima. Hii haina kasoro hiyo.

Mabaki hayo yanaafikiana na maelezo ya jinsi utengano huo unavyozuka, yaliyotolewa na wanabiolojia Brian na Deborah Charlesworth mwaka 1978. Kwanza badiliko la jeni huua chavua katika baadhi ya mimea, na majike huanza kuishi pamoja na mimea yenye jinsia mbili. Kisha badiliko la pili huzima uzazi wa kike katika mimea iliyobaki. Jeni hizo mbili zisipokaa karibu sana kwenye kromosomu, baadhi ya watoto watarithi mabadiliko yote mawili na kuwa tasa kabisa. Katika asparagasi jeni mbili za namna hiyo zimepatikana kwenye kromosomu Y, ile inayoufanya mmea uwe dume, moja ikizuia ukuaji wa pistili na nyingine ikihitajika ili chavua ikomae.

Lile jambo zito nililolitaja mwanzoni linajitokeza kwenye ua jike la kiwi. Lina stameni nyingi zinazoonekana nzima kabisa na hata hutoa chavua, lakini chavua hiyo ni mfu. Anayetegemea lenzi peke yake ataliandika kuwa ua la jinsia mbili. Ili kujua ukweli anahitaji hadubini na rangi ya kupimia uhai wa chavua. Kununua lenzi ya mara 20 hakuondoi tatizo hili, na zaidi ya hayo inakulazimu ulisogelee ua hadi kiasi cha sentimita moja, ukajizibia mwanga.

Ukiwa na lenzi hii ya mara 10, usitosheke na ua moja kwa kila mmea. Baadhi ya asparagasi dume hutoa, hapa na pale, ua ambalo pistili yake imekua na hatimaye hufunga tunda. Ua kama hilo likijichavusha, baadhi ya mbegu zake huwa na kromosomu mbili za Y, na mimea inayotokana nazo, ikipandishwa na majike, huzaa madume matupu. Wazalishaji wa mbegu wameutegemea mwanya huo kupata aina za asparagasi zisizo na jike hata mmoja.